Bi Mkunga na Pampu ya Gari-Nyumba

Bado nimemkasirikia. Niliseme hilo mwanzoni kabisa, maana watu wa Kilwa Kivinje ukimtaja yule bibi wanaanza kulainisha sauti, na mimi sauti yangu haijalainika. Wanamwita Bi Mkunga, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Kwao ni wapi na ni binti wa nani, sijui wala sikuwahi kuuliza. Ukimuuliza mambo ya kwao anakuuliza ya kwenu, na ya kwenu anayajua kuliko wewe.

Mimi nilikuwa dereva wake. Gari lilikuwa la shirika, lakini kwenye lile gari hakuna kilichokuwa cha shirika yeye akiwa ndani. Lilikuja na wazungu wawili wazee, mtu na mkewe, waliokuwa wakizunguka Afrika nalo. Ni lori la wastani lililojengewa chumba nyuma: kitanda, sinki, jiko la gesi, choo cha kujibana, tangi la maji chini ya kitanda, na pampu ndogo ya betri ya kusukuma maji mpaka bombani. Gari-nyumba, ndivyo tulivyoliita. Walipofika Kilwa Masoko yule mzee akashikwa na mgongo, wakarudi kwao kwa ndege, gari wakaliachia shirika moja dogo la afya ya mama na mtoto. Shirika likalipaka rangi nyeupe, likaweka kitanda cha kuzalishia, likamtafuta mkunga mstaafu wa Kivinje, kisha likanipata mimi, Mmatumbi wa Njinjo, nimekulia kwenye usukani wa malori.

Kazi yetu ilikuwa kwenda bara, Njinjo na Likawage, hasa vile vitongoji vilivyo mbali na zahanati. Huko mwanamke akishikwa na uchungu wakati wa masika anapakiwa kwenye pikipiki, mmoja mbele mmoja nyuma, yeye katikati kama gunia. Gari letu lilikuwa na vitu viwili ambavyo pikipiki haina: mlango wa kufunga, na maji yanayotiririka. Bila maji lile ni lori lenye godoro tu. Mratibu wetu, bwana mmoja aliyeletwa kutoka Dar es Salaam, alishatuambia mapema kwamba wafadhili hawataki kusikia mkunga anazalisha bila maji, na maji yakisumbua gari linaegeshwa. Kwa hiyo kila pampu ilipokohoa, sisi wawili tulikuwa tunaisikiliza Likawage nzima.

Mikono yake ndiyo nitakayoanza nayo. Bi Mkunga alikuwa akinawa mpaka viwiko, anasugua katikati ya vidole kimoja kimoja, na haguswi na haraka ya mtu. Neno lake lilikuwa "Nawa kwanza." Alimwambia mama mjamzito, akamwambia mama mkwe aliyekuja kushika mkono, akaniambia mimi niliyekuwa nje nabadilisha tairi na sina habari na uzazi wa mtu. Siku moja mwenyekiti wa kijiji alipanda gari kumsalimia, akanyoosha mkono wa shikamoo, yeye akamwonyesha sinki. Mwenyekiti akanawa mbele ya watu wake, kisha ndipo akaitikiwa marahaba. Na akashuka na maneno mgongoni, kwamba yeye alizaliwa akitanguliza miguu na mpaka leo mambo yake anatanguliza miguu. Watu wazima na ndevu zao aliwajua hivyo: huyu alitoka na kitovu shingoni, yule alichelewa kulia.

Alikuwa na mdomo, jamani. Barabarani alikaa mbele pembeni yangu, dirisha wazi, mkanda hataki, anasema unambana kama mchumba. Nikikwepa shimo la kushoto ananiuliza la kulia limenikosea nini. Vyakula vya njiani hali. Anafungua kikapu chake, anatoa muhogo wa kuchemsha na samaki mkavu, anakula nusu, nusu ananisukumia bila kunitazama. Nisipokula, ugomvi. Nikila bila kunawa, ugomvi mkubwa zaidi.

Na alikuwa mkarimu kwa namna ya kukera. Kila mwanamke aliyejifungua bila nguo ya kumfunika mtoto alipewa kipande cha kanga ya Bi Mkunga mwenyewe. Anaichana katikati pale pale, pea inavunjika. Ukienda nyumbani kwake Kivinje unakuta kanga zimejaa kamba, na hakuna hata moja iliyo na mwenzake. Nikamwambia aliombe shirika linunue nguo za watoto. Akasema shirika litanunua baada ya mtoto kuanza shule.

Lakini kitu kimoja alikuwa hakivumilii, nacho ni dawa za kienyeji. Mama akija na kifurushi cha mizizi kiunoni, Bi Mkunga anakifungua, anakinusa, anakitupa porini kwa mkono uleule alionawa, halafu anakwenda kunawa tena. Alikuwa akiwasema wanawake wale kwa ukali ambao mimi mwenyewe, mtu wa kwao, niliona umezidi. Ushirikina mtupu, anasema, uchafu, ujinga. Yakumbuke maneno hayo, maana mimi sijayasahau.

Sasa pampu. Pampu ya gari la namna ile haina mambo mengi. Ukifungua bomba, msukumo wa maji unapungua kwenye mpira, swichi yake inahisi, pampu inaunguruma. Ukifunga, msukumo unarudi, inanyamaza. Isipounguruma kabisa, anza na betri, kisha fyuzi. Ikiunguruma bila kutoa maji, tangi ni tupu au mahali fulani inavuta hewa. Na ikigonga peke yake, tak, tak, tak, wakati mabomba yote yamefungwa, basi maji ama yanavuja mbele, ama yanarudi nyuma kwa sababu vali haifungi. Yetu iligonga peke yake.

Aliyeisikia kwanza ni yeye. Alikuwa na kile kipembe cha mti cha kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni, amekitumia tangu ujana wake mpaka kimeng'aa. Tulikuwa tumeegesha Njinjo, akakibandika kwenye ukuta wa gari, karibu na pale pampu ilipo, akaweka sikio. Akaniita. Akaniambia pampu yangu inalalamika. Pampu yangu. Likifanya kazi ni gari lake, likilalamika ni pampu yangu.

Nilifanya kila kilichokuwa mikononi mwangu. Nilikaza vibanio vyote vya mipira. Nilipangusa kila kiungo kwa karatasi kavu kuona kama inalowa; hakuna tone. Nilifungua chujio lililo kabla ya pampu, na humo nikakuta uchafu mweusi unaonata vidoleni kama gundi. Maji ya visima vyetu yana chokaa, nayajua, lakini chokaa ni nyeupe na inakwangulika. Hii ilikuwa kitu kingine. Nikafikiri, nikafikiri, nikasema basi ni tangi la plastiki linayeyuka kwa joto. Nikaenda na wazo hilo kwa mratibu. Yule bwana alicheka mpaka akavua miwani.

Bi Mkunga alikuwepo pale ofisini. Nilimgeukia nikamwonyesha vidole vyangu vyeusi, nikamwambia bibi, wewe ni shahidi. Akavisogelea vidole vyangu karibu na uso wake, akavitazama. Akaenda kunawa.

Pampu yenyewe sikuruhusiwa kuifungua. Ilikuwa na kibandiko cha dhamana, na mratibu aliniapia kwamba nikikibandua nitailipa mimi. Kila ilipozidi kugonga aliletwa fundi kutoka Dar na pampu mpya kwenye boksi. Anafunga mpya, ya zamani anaitia kwenye mkoba, anakwenda zake bila hata kuifumbulia macho. Mpya inanyamaza kwa muda, kisha tak, tak, inaanza. Ikawa hata ndoto zangu zinagonga. Mke wangu akaniambia nikilala nakunja na kukunjua vidole kama ninayefunga bomba.

Mpaka siku ya Likawage. Tulikuwa kwenye kitongoji kimoja cha mbali, gari limeegeshwa tangu jana yake kwa kliniki ya wajawazito. Akaletwa msichana wa mimba ya kwanza, uchungu umemkaa tangu asubuhi. Bi Mkunga akaingia naye, na mama mkwe wake, mlango ukafungwa. Mimi nikabaki nje na wanaume wa ile familia, tunatazama chini kama inavyotakiwa. Mtoto akalia. Wanaume wakaanza kusema alhamdulillahi, na kabla hawajamaliza nikasikia sauti ya ndani ikiita maji. Si sauti ya kuomba. Damu ilikuwa inatoka na haikatiki.

Pampu ikaunguruma kidogo, ikanasa. Fyuzi ikakatika. Nikaweka nyingine, ikakatika hapo hapo. Nikazama chini ya gari kufungua koki ya kumwagia tangi, nayo ilikuwa imegandishwa na chokaa, haizunguki hata kwa spana. Nikachukua kisu, nikakata mpira, nikavuta maji kwa mdomo mpaka yakaja. Yalikuwa na ladha ya moshi. Nikajua pampu imeungua. Nikajaza ndoo, nikaipeleka mlangoni, na ilipofika, muda ambao haukutakiwa kupita ulikuwa umepita.

Yule msichana alifikishwa hospitali ya wilaya hajitambui. Alipona, baada ya kukaa sana, na mtoto ni mzima. Lakini pale Likawage, kabla hatujaondoka, watu walikuwa wamelizunguka gari, na mume wa yule msichana aliuliza kwa nini nyumba yenye bomba haina maji. Bi Mkunga alisimama mlangoni, mikono ina damu, akaninyooshea kidole.

"Muulizeni dereva," alisema. "Gari ni lake kulitunza."

Mbele ya watu wa bara. Watu wangu. Wallahi nilitamani ardhi inimeze mimi, na yeye pia. Tuliporudi Kivinje alirudia yale yale kwa mratibu. Mratibu hakuwa na haja ya kuambiwa mara ya pili: dereva mzembe, gari liegeshwe. Nikarudi kwenye malori, nikasomba korosho msimu huu na msimu ule, na kila nikishusha mzigo Njinjo kulikuwa na mtu wa kuniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli nilimnyima mzazi maji. Mama yangu mzazi aliniuliza. Nikamwapia. Alisema ananiamini, akaniwekea chakula, na nikaona amekiweka polepole mno.

Gari likakaa uani kwa shirika, pale Masoko, tairi zinazama mchangani. Likawage wakarudi kwenye pikipiki.

Halafu mratibu akanipigia simu. Nilidhani nimesikia vibaya. Alisema gari limepata mnunuzi, mtu wa hoteli anayetaka kuwalaza watalii ndani yake, na anataka kuona maji yanatoka kabla hajatoa pesa. Fundi wa Dar ni ghali. Dhamana ilishakwisha zamani. Je, naweza kuja kuitazama pampu? Nilimtukana kimoyomoyo kwa lugha zote mbili ninazozijua, Kiswahili na Kimatumbi, kisha nikaenda. Sikwenda kwa ajili yake. Nilitaka kuiona ndani ile pampu iliyonivunjia jina.

Nikabandua kibandiko kwa ukucha. Raha iliyoje. Nikafungua skrubu za kichwani, nikakiinua kifuniko, na pale nikaikuta vali, kile kimpira kidogo cha kuzuia maji yasirudi nyuma, kimegandana na sehemu yake kwa ule uchafu mweusi. Hakifungi wala hakifunguki. Nikaukwangua kwa bisibisi. Mkavu sasa, unavunjika kama sukari guru. Nikachukua kipande, nikakiwekea moto wa kiberiti cha gesi nione kama ni plastiki, maana plastiki naijua inavyonuka.

Hakikunuka plastiki. Kilinuka ubani.

Nilikaa chini sakafuni mwa lile gari. Kila mtu wa pwani anaijua harufu ile. Mtungi wa maji ya kunywa unafukizwa: unaweka ubani kwenye kaa la moto, unaufunika mtungi juu yake mpaka moshi uushike, halafu unatia maji, na maji yanakuwa matamu, baridi, yana heshima. Bibi zetu wote wamefanya hivyo. Na gari letu lilikuwa linalala uani kwa Bi Mkunga Kivinje, kwa sababu ua wake una ukuta na wa shirika ulikuwa hauna geti. Nikakumbuka yale mabua ya majani ya mpapai niliyokuwa nikiyakuta karibu na tairi asubuhi za safari, mabua yaliyo wazi katikati kama bomba, ncha moja imeungua. Nilikuwa nayapiga teke nikidhani ni michezo ya watoto. Alikuwa anapuliza moshi ndani ya tangi. Safari baada ya safari, moshi unaganda kwenye plastiki, jua linaulainisha, maji yanaubeba, chujio, pampu, vali. Na mimi sikunusa kitu, kwa sababu nguo zake mwenyewe zilikuwa zinanukia ubani mwaka mzima na gari zima lilinuka Bi Mkunga. Maji ya tangi sikuwahi kunywa, nilikuwa na chupa yangu. Nilipoyavuta kwa mdomo kule Likawage, nilisema ni moshi wa pampu.

Yeye aliyetupa mizizi ya watu porini. Yeye wa ujinga mtupu.

Nikaifunga ile vali kwenye kitambaa, nikachukua bodaboda mpaka Kivinje, na njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Nilimkuta uani kwake, anachagua mchele kwenye ungo, amezeeka kuliko nilivyotaka awe. Shikamoo niliitoa, kwa sababu sikufundishwa vingine. Aliitikia marahaba na kuniambia nimekonda. Nikafungua kitambaa, nikaiweka ile vali juu ya mchele wake.

Akaichukua. Akainusa. Akakaa nayo mkononi.

"Ubani," alisema.

Nikamwambia ndiyo, ubani, na nikayaachia yale maneno yote niliyoyapanga, na mengine ambayo sikuyapanga. Majirani walichungulia. Hakunikatiza. Nilipoishiwa pumzi ndipo akaeleza, taratibu, macho kwenye ungo. Safari za mwanzo wanawake wa bara walikuwa wanapewa vidonge vya damu wavimeze kwa maji ya gari, wanavitema. Maji yalikuwa yananuka mpira. Wengine walitapika. Walikuwa wanakunja vidonge kwenye ncha ya kanga na kuvitupa njiani, na wajawazito wale damu hawana. Akafanya analolijua. Baada ya hapo walimeza, tena wakaanza kuja na chupa kuomba maji ya kurudi nayo nyumbani. Hilo ni kweli, nililiona kwa macho yangu. Nilidhani ni kwa sababu mimi nasafisha tangi vizuri. Nilijisifu mpaka kwa mke wangu.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema ningemkataza. Nikasema ningemkataza, ndiyo, na kisha ningemfungia mtungi wake nyuma ya kiti changu kwa mkanda, afukize mpaka achoke, maji ya kunywa mbali na ya tangi mbali. Kazi ya asubuhi moja. Akanitazama kama hilo halikuwahi kumpitia kichwani, na nadhani kweli halikuwahi.

"Ulijua lini?" nilimuuliza.

"Siku ile ofisini. Uliponiletea vidole vyako."

"Na ukanyamaza."

"Nikaacha kufukiza. Nikasema kitakwisha chenyewe."

"Na Likawage? Uliponinyooshea kidole?"

Mikono yake ilikuwa imeacha kuchagua mchele.

"Niliogopa, mwanangu," alisema. "Walikuwa wananitazama mimi."

Hakuna siku aliyoniita mwanangu kabla ya hapo. Na wala haikunipoza. Iliniongezea. Ningependa aliyenivunjia jina awe mtu mbaya, nimalizane naye. Nikamwambia kwamba gari linauzwa, litalaza watalii, na kwamba Likawage nzima inaamini mimi ndiye sababu. Nikasimama niondoke. Nilikuwa nimefika mlangoni niliposikia ungo unawekwa chini.

Akasema nimsubiri avae buibui.

Tulikwenda Masoko kwenye bajaji. Mratibu alikuwa uani na yule mtu wa hoteli, wamelizunguka gari. Bi Mkunga hakusalimia. Alisimama kati yao, akasema yote, kwa sauti yake ileile ya kuwasema wajawazito: ubani ni wake, tangi alilifukiza yeye, dereva hakuwa na kosa, na kule Likawage alimsingizia mbele ya watu. Hakutafuna neno. Kisha akasema kwamba kwa kuwa sasa sababu inajulikana na pampu inasafishika, haoni ni kwa nini wanawake wazae njiani ili wageni wapate pa kulala. Yule mtu wa hoteli alikuwa na adabu, akasogea kando akajifanya anapokea simu.

Mratibu alitafuta pa kuweka mikono. Alisema atazungumza na wakubwa. Walizungumza, ikachukua muda, na jibu likaja: gari litarudi barabarani, tangi jipya, dereva arudishwe. Na Bi Mkunga asipande tena. Kwa usalama wa wagonjwa, walisema. Ameletwa binti mmoja aliyetoka chuoni, mpole, anafanya kazi vizuri, nami sina ugomvi naye.

Nilikwenda kumwambia mwenyewe. Nilitegemea atapasua dari. Nilitegemea atavaa buibui tena na kwenda kuwaambia wote walivyotoka matumboni mwa mama zao. Aliitikia kwa kichwa tu, akauliza kama mtungi utafungwa nyuma ya kiti. Nikamkasirikia kwa hilo kuliko kwa yote. Mtu aliyemnawisha mwenyekiti mbele ya wananchi, anaondolewa na watu ambao hawajawahi kushika hata kitovu cha mbuzi, na anauliza habari ya mtungi. Nilimwambia apigane. Akasema amechoka, tena nimepaka matope sakafu yake.

Kwa hiyo sasa ni hivi. Kila safari ya bara napita kwanza kwake Kivinje. Mtungi unanisubiri mlangoni, umefukizwa, umejaa, umefungwa kitambaa. Naufunga nyuma ya kiti. Vidonge vinamezwa. Kule Likawage wananiuliza Bi Mkunga yuko wapi, nami nawajibu yupo, mzima, na mambo yake muulizeni mwenyewe. Wanajua ukweli siku hizi; aliwatumia ujumbe kwa mdomo wa watu watatu tofauti, ili mmoja akiuchezea wengine waurekebishe. Jina langu limerudi. Radhi hajaniomba mpaka leo. Kusema kwa mratibu alisema, kwa Likawage alisema, kwangu mimi ananisukumia muhogo.

Safari iliyopita nilipofika alikuwa ameketi nje na kile kipembe chake mapajani. Aliniambia nimwoneshe maji. Nikaiacha injini inawaka, nikaingia nyuma nikafungua bomba, nikalifunga. Alikuwa ameshasimama, amekibandika kipembe kwenye ukuta wa gari, karibu na pale pampu ilipo, na sikio lake juu yake, macho amefumba. Pampu ikaunguruma, ikanyamaza, ikabaki kimya. Yule binti wa chuo alikuwa anatazama saa. Mimi nikarudi kwenye usukani. Bibi haondoki ukutani. Mkono wake mwingine ulikuwa umelishika gari kwa bapa la kiganja, namna alivyokuwa anashika matumbo ya watu.

Hasira zikanipanda, sijui hata za nini. Nikamwambia kwa ukali kwamba pampu imeshanyamaza, si amesikia mwenyewe, njia ni ndefu na wazazi wanangoja.

"Nimesikia," alisema, macho bado kafumba. "Sijamaliza."

Nikazima injini, nikashuka, nikakaa kwenye ngazi ya gari nikamngoja.